Barua ya wazi kwa magavana wa benki kuu na mawaziri wa fedha: semeni mnachokiogopa

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Benki Kuu na Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha,

YAH: BEI KUPANDA, BEI KUPOROMOKA AU UCHUMI KUDUMAA – TUJIANDAE NA LIPI?

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha kuweka na kukopa. Tuko wanachama 46, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kushika daftari. Shahada ya uchumi sina. Nina daftari, kikokotoo, na watu 46 ambao kila mwisho wa mwaka hunitazama usoni wakisubiri niwaambie fedha yao tuielekeze wapi.

Barua hii isingefika hadharani kama zile za mwanzo zingejibiwa. Niliiandikia ofisi inayohusika mara tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nikaambiwa imepelekwa idara husika. Jibu la barua ya tatu ndilo lililonikata maini: ukurasa mmoja wenye nembo na muhuri, na ndani yake sentensi moja tu yenye kubeba kitu, kwamba hali ya uchumi inaendelea kufuatiliwa kwa karibu na hatua stahiki zitachukuliwa kwa wakati. Niliisoma mbele ya wanachama. Mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele akauliza, "Sasa tukope au tusikope?" Sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo naandika tena, safari hii mbele ya watu wote.

Swali letu ni moja. Mwaka ujao fedha yetu itanunua pungufu ya leo, itanunua zaidi, au itanunua kiasi kile kile ila kazi ya kuipatia ndiyo itakayokosekana? Nyinyi mna majina ya mambo haya: mfumuko wa bei, mporomoko wa bei, kudumaa kwa uchumi. Kwenu ni sura tatu za taarifa moja. Kwetu ni maamuzi matatu yanayopingana.

Bei zikiwa zinaelekea kupanda, mwenye akili hakai na fedha taslimu. Ananunua mashine leo, anakopa kwa riba isiyobadilika, analipa baadaye kwa fedha iliyokwisha kupungua nguvu. Bei zikiwa zinaelekea kuporomoka, mambo yanageuka: analipa madeni haraka, anashika fedha mkononi, anasubiri, maana kila mwezi anaosubiri vitu vinazidi kuwa rahisi. Na uchumi ukiwa unadumaa, hata bei zikitulia tuli, cha kuwekea akiba ni siku ambayo mwanachama ataambiwa na mwajiri wake asirudi tena kesho. Atakayejiandaa kwa la kwanza likaja la pili, ameumia. Atakayejiandaa kwa la pili likaja la kwanza, akiba yake inaliwa akiwa ameikalia.

Wazee walituachia methali kwamba akiba haiozi. Mwasisi wa chama chetu aliisema katika kila mkutano, nasi tukawa tunaitikia. Nimepiga hesabu: bei zikipanda kwa asilimia 7 kila mwaka, fedha iliyofungiwa sandukuni inapoteza nusu ya nguvu yake katika miaka kumi hivi. Hata kwa asilimia 2, lile lengo ambalo benki kuu nyingi mmejiwekea, inachukua takriban miaka 35 kufika hapo hapo. Akiba inaoza, Waheshimiwa, na kasi yake inategemea kazi yenu kuliko bidii yetu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Lugha mnayotumia inapotosha, hata kama takwimu ni sahihi.

Mnapotangaza kwamba "mfumuko wa bei umeshuka", watu wanasikia kwamba bei zimeshuka. Siwezi kuwalaumu. Katika mkutano wetu mmoja mwanachama alisimama na simu mkononi, akatusomea habari hiyo, kisha akanigeukia: "Mweka hazina, wamesema umeshuka. Mbona mimi kila nikienda kununua naongeza?" Watu wakapiga makofi. Ilinichukua nusu saa na ubao mzima wa chaki kuwaeleza kwamba kitu kilichouzwa 100, kikipanda kwa asilimia 10, kinakuwa 110. Mwaka unaofuata kasi ikishuka hadi asilimia 3, kitu hicho kinafika 113 na kitu. Kinachoshuka ni mwendo wa kupanda. Bei bado inapanda, tena inapanda kuanzia pale ilipoachwa.

Marekani ilikuwa na mfumuko wa asilimia 9.1 Juni 2022, na Juni 2023 ukawa asilimia 3.0. Kwa mwanauchumi huo ni ushindi, nami sikatai kwamba ni kazi kubwa. Ila mfanyakazi ambaye ujira wake haukusogea katika miezi ile alikuwa amezidi kuwa maskini mwaka wa pili kuliko wa kwanza, siku ile ile aliyosikia habari njema. Watu wakipitia hayo mara mbili mara tatu wanaacha kuwaamini, na siku mtakaposema jambo la kweli lenye uzito hakuna atakayesikiliza. Ingewagharimu nini kuongeza sentensi moja katika kila tangazo: bei hazijashuka, zimepunguza mwendo?

2. Wastani wenu hauishi nyumbani kwa mtu yeyote.

Kapu la bidhaa mnalolipima lina kila kitu, kuanzia kodi ya nyumba hadi tiketi ya ndege. Tangu mwaka 1857, Ernst Engel alipochunguza bajeti za kaya, inajulikana kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyoishia kwenye chakula. Chakula na nishati vikipanda huku runinga na simu zikishuka bei, wastani unaweza kutulia na bado nusu ya nchi ikawa inazama. Kulipima hili kunawezekana. Ofisi ya takwimu ya Uingereza hutoa vipimo vya gharama za maisha kwa makundi ya kaya, wenye kipato cha chini kwao, wa juu kwao, wapangaji kwao. Kama wao wameweza, wengine wanashindwa wapi?

Halafu kuna jambo baya zaidi, la kuchezea kipimo chenyewe. Argentina ilitoa kwa miaka kadhaa takwimu za bei ambazo watu wa nchi hiyo hawakuziamini, hadi Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaikaripia rasmi. Kipimajoto kikivunjwa, homa haiponi.

3. Magonjwa haya matatu yana dawa zinazopingana, nanyi hamsemi mnatibu lipi.

Hapa ndipo penye uchungu, na naomba mnivumilie nikae kidogo.

Mfumuko hutibiwa kwa kupandisha riba na kubana matumizi. Mporomoko wa bei hutibiwa kwa kushusha riba na kulegeza matumizi. Kudumaa wakati mwingine hakuna uhusiano na riba kabisa. Kunatokana na tija kulala, vijana kupungua, barabara na bandari kuchoka, au ujuzi kupitwa na wakati. Ukimpa mgonjwa wa hili dawa ya lile, unamuua. Na historia imejaa waliopewa dawa isiyo yao.

Marekani kati ya mwaka 1929 na 1933 bei zilishuka kwa karibu robo. Mtu wa leo akisikia bei zimeshuka robo atafurahi. Lakini mishahara ilishuka nazo, ajira zikafutika hadi mtu mmoja kati ya wanne hivi akawa hana kazi mwaka 1933, na madeni yakabaki vile vile. Mwenye ujira wa 100 aliyekuwa anarejesha 40 alibakiwa na 60. Ujira ukishuka hadi 80, rejesho ni lile lile 40. Sasa nusu ya jasho lake ni ya anayemdai. Mwanauchumi Irving Fisher alieleza mwaka 1933 kwamba katika hali hiyo wadaiwa wanavyozidi kulipa ndivyo wanavyozidi kudaiwa, maana kila mmoja anauza alichonacho ili alipe, na kuuza huko kwa pamoja kunazidi kuangusha bei. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Hakuna daftari la chama chochote linaloweza kuhimili mwaka wa namna hiyo.

Miaka ya 1970 jambo lingine likatokea. Mbunge wa Uingereza, Iain Macleod, alikuwa ameonya Novemba 1965 kwamba nchi yake ina mabaya yote mawili kwa pamoja, bei kupanda na uchumi kudumaa. Bei ya mafuta ilipopanda takriban mara nne kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, balaa hilo likaenea. Watawala wengi walisita: wakibana, kazi zinapotea, wakilegeza, bei zinaruka. Wakabana nusu, wakalegeza nusu, kwa miaka. Mwisho wake Paul Volcker, aliyeshika uongozi wa benki kuu ya Marekani mwaka 1979, alibana hadi riba ikafika karibu asilimia 20. Mfumuko ulivunjika, ukawa chini ya asilimia 4 mwaka 1983. Lakini ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Waliolipa gharama ya kusitasita kwa miaka kumi ni wafanyakazi waliofukuzwa katika miezi michache.

Japani nayo ina la kutufundisha. Soko lake la hisa lilifika kilele Desemba 1989 na halikukirudia hadi Februari 2024. Benki kuu yake ilishusha riba hadi sifuri mwaka 1999, ikapandisha Agosti 2000 ikidhani mgonjwa amepona, na miezi saba baadaye ikalazimika kurudi ilikotoka, safari hii kwa kununua hati fungani zaidi, yaani hati za mikopo ya serikali, ili kuongeza fedha kwenye mzunguko. Riba hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, waliyoianzisha 2016 hawakuiacha hadi Machi 2024. Kizazi kizima kilikua bila kuona mshahara ukipanda. Na Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba Julai 2008, kisha tena mara mbili mwaka 2011, ikiogopa mfumuko wakati ajali iliyokuwa njiani ilikuwa ya upande mwingine. Mara zote mbili ilibidi igeuke ndani ya miezi.

Siyasemi haya ili kuwazomea waliotangulia. Walikuwa watu wenye elimu kuliko mimi. Nayasema kwa sababu katika kila mfano, raia wa kawaida hakuambiwa hofu ya wakubwa ni ipi hadi ilipomfikia mlangoni.

4. Mnatabiri kwa mstari mmoja, na mkikosea mnaubadilisha mstari kimyakimya.

Mwaka 2021 tuliambiwa na viongozi wengi wa fedha duniani kwamba kupanda kwa bei ni kwa muda tu. Jerome Powell, aliyekuwa akiongoza benki kuu ya Marekani, alisema mbele ya kamati ya Seneti Novemba 30, 2021 kwamba wakati umefika wa kuliacha neno hilo. Riba iliyokuwa karibu na sifuri hadi Machi 2022 ikawa kati ya asilimia 5.25 na 5.50 ilipofika Julai 2023.

Nawaleteeni sura ya jambo hili kwa karibu. Katika chama chetu yuko fundi seremala. Alikopa benki, si kwetu, kwa riba inayobadilika, kwa sababu kila aliyemsikia akizungumza kwa niaba ya wakubwa alisema riba zitakaa chini kwa muda mrefu. Siku moja alikuja kwangu jioni na barua ya benki. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mara nyingi hadi mikunjo imeanza kutoboka katikati. Tukakaa mezani, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Rejesho jipya lilikuwa kubwa kuliko la zamani kwa zaidi ya theluthi moja, na karibu lote lilikuwa riba. Deni lenyewe lilikuwa halisogei. Aliniuliza kama nimekosea. Nikarudia. Miezi mitano baadaye aliuza mashine ya kuranda mbao, ile ile aliyoinunua kwa mkopo huo, na mkopo ukabaki.

Fundi huyu si mzembe. Alifanya kile mlichomwambia akifanye. Australia, mahali ambapo benki kuu ilirudia mara nyingi kwamba haitarajii kupandisha riba kabla ya 2024 kisha ikaanza kupandisha Mei 2022, gavana Philip Lowe alisimama mbele ya kamati ya Seneti Novemba 2022 akawaomba radhi waliokopa kwa kuyategemea maneno hayo. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia simu fundi nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Angalau wao wameambiwa pole."

Njia bora ipo, na inajulikana. Ben Bernanke, aliyewahi kuongoza benki kuu ya Marekani, alipoombwa kukagua utabiri wa Benki Kuu ya Uingereza, ripoti yake ya Aprili 2024 ilipendekeza pamoja na mengine kwamba benki hiyo iwaeleze watu hali mbadala, yaani "ikitokea hivi, tutafanya hivi". Hicho ndicho tunachokiomba tangu barua ya kwanza.

5. Gavana anamtupia mpira waziri, waziri anamtupia gavana.

Hili nalisema kwa kifupi kwa sababu kila mtu analiona. Septemba 22, 2022 Benki Kuu ya Uingereza ilipandisha riba ili kubana. Kesho yake serikali ikatangaza kupunguza kodi kwa kiasi kikubwa bila kueleza pengo litazibwa vipi. Na Septemba 28 benki hiyo hiyo ikalazimika kununua hati fungani ili soko lisianguke. Mkono mmoja unafunga mlango, mwingine unaufungua. Uturuki, ambako riba ilishushwa kuanzia Septemba 2021 huku bei zikipanda, baada ya magavana kuondolewa mmoja baada ya mwingine, mfumuko rasmi ulipita asilimia 85 Oktoba 2022. Wananchi hawajali saini ni ya nani. Wanaona serikali moja.

Waheshimiwa, najua mtakachosema, kwa sababu nimekwisha kusikia sehemu yake.

Mtasema uchumi hautabiriki. Nakubali, na ndiyo maana sitaki utabiri. Anayekwenda baharini hamuombi mtu amhakikishie kwamba mvua haitanyesha. Anataka kujua mawingu yako upande gani na chombo kina maboya mangapi. Tuambieni njia tatu, ipi mnaiona karibu zaidi, na mtafanya nini katika kila mojawapo.

Mtasema mkitamka hofu zenu mtazua taharuki, na kwamba watu wakitarajia bei kupanda wataharakisha kununua na bei zitapanda kweli. Hoja hii ina uzito na siidharau. Matarajio ni nusu ya mfumuko. Lakini kumbukeni Julai 2012. Mario Draghi, akiongoza Benki Kuu ya Ulaya, alitamka London kwamba benki itafanya lolote linalohitajika ndani ya mamlaka yake kuilinda sarafu ya euro, na akaongeza kwamba litatosha. Riba za madeni ya Uhispania na Italia zikashuka, na mpango wa kununua hati fungani uliofuata haukulazimika kutumika hata mara moja. Neno lililo wazi lilituliza soko zima. Taharuki hutoka kwa watu wanaohisi wanafichwa.

Mtasema mambo haya yanatoka nje: vita, janga, mafuta, meli kukwama. Ni kweli kwa sehemu. Hatuwalaumu kwa dhoruba. Tunawauliza kuhusu usukani.

Na mtasema, hata kama si kwa sauti, kwamba wananchi hawaelewi mambo haya. Yule mama wa mstari wa mbele hakuwahi kumaliza shule. Alinieleza maana ya mporomoko wa bei kabla sijamaliza kuuandika ubaoni: "Kwa hiyo deni langu litanenepa na mimi nitakonda." Sijasoma maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Kama mngeniuliza mimi naona nini, ningejibu kwa unyenyekevu lakini bila kukwepa. Dunia ya sasa ina magonjwa yote matatu kwa wakati mmoja, katika vyumba tofauti. China bei za viwandani zilishuka mwaka hadi mwaka mfululizo kuanzia Oktoba 2022 kwa zaidi ya miaka miwili, wakati nchi nyingine zinapambana na bei zilizogoma kurudi kwenye lengo. Ukuaji wa dunia nzima uko karibu na asilimia 3, chini ya wastani wa asilimia 3.7 wa miaka ya 2000 hadi 2019. Madeni ya serikali ni makubwa, na serikali yenye deni kubwa ina kishawishi cha kuliacha lipunguzwe na mfumuko. Idadi ya wazee inaongezeka katika nchi nyingi. Biashara kati ya mataifa inawekewa ushuru na vikwazo. Nikiyajumlisha hayo, ninachokiogopa ni mchanganyiko ule wa miaka ya 1970: kazi kupungua huku bei hazishuki. Naogopa kwa sababu ndio ugonjwa ambao dawa moja haiutoshi, na ndio ambao gavana na waziri wasipokaa meza moja, hautibiki. Huenda nimekosea. Ningefurahi kukosolewa na nyinyi kwa hoja, kuliko kuachwa na hofu yangu na muhuri wenu.

Tunachoomba ni haya:

(a) Kila mnapotangaza uamuzi wa riba, toeni ukurasa mmoja kwa lugha ya watu, ukieleza njia tatu (bei kupanda, bei kuporomoka, uchumi kudumaa), mnaipa kila moja uzito gani, na mtachukua hatua gani ikitokea.

(b) Tangazeni kipimo cha bei kwa makundi ya kipato, pamoja na ule wastani.

(c) Mara moja kwa mwaka, wekeni makadirio yenu ya mwaka uliopita pembeni ya kilichotokea, safu mbili ukurasa mmoja, na mseme mlikosea wapi na kwa nini.

(d) Gavana na waziri waketi pamoja mbele ya wananchi angalau mara mbili kwa mwaka, wajibu maswali kwa pamoja, ili asiwepo wa kumtupia mwenzake.

(e) Mabenki yalazimishwe kumwonyesha kila anayekopa kwa riba inayobadilika, kabla hajaweka saini, rejesho lake litakuwa kiasi gani riba ikipanda kwa asilimia 2, kwa 4 na kwa 5. Hesabu hiyo inachukua dakika tatu. Niliifanya nyuma ya bahasha, kwa kuchelewa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya ya kuchukua miaka, isipokuwa labda la mwisho. Mengine yanahitaji karatasi na nia.

Mkutano wetu mkuu ni mwisho wa mwaka. Ajenda ya nne ni "matumizi ya akiba", na chini yake nimeacha nafasi ya mistari sita bila kuandika kitu. Fundi seremala ameomba mkopo mpya, wa mashine ya mitumba, na maombi yake yako juu ya meza yangu. Kiwango tutakachomtoza na muda tutakaompa vinategemea jibu lenu. Likifika kabla ya siku hiyo, nitalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyosoma lile la barua ya tatu.

Wenu katika kusubiri,

Mweka hazina,
kwa niaba ya wanachama 46 wa chama cha kuweka na kukopa